Nyuma ya Jani la Novemba

Shule zikifungwa kwa likizo ya Desemba, Dar es Salaam huwa imeshaiva kwa joto. Kaskazi inavuma, embe zimejaa Kariakoo, na watoto wanashinda mtaani mpaka magharibi. Nyumbani kwetu Magomeni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hicho ndicho kipindi ambacho Baba alichana jani la Novemba kwenye kalenda ya ukutani, akaligeuza upande mweupe na kuandika majina ya watu wote wa nyumba, la Bibi juu, la kitinda mimba chini. Mbele ya kila jina aliacha nafasi. Kila mtu alikuwa na haki ya kutaja jambo moja la kufurahisha analotaka lifanyike kabla shule hazijafunguliwa Januari. Moja tu. Likishaandikwa, linakuwa la nyumba nzima: mnakwenda nyote, mkubwa kwa mdogo, upende usipende. Asiyekwenda kwenye la mwenzake, lake la mwaka ujao limefutwa.

Siku hizi naikumbuka sheria ile kuliko hata safari zenyewe. Mengi yaliyotukwamisha wakati ule yameondoka. Lami ipo, petroli ipo, usafiri ni wa kuchagua. Kilichopotea ni ule ulazima wa mtu kwenda kwenye furaha ya mwenzake.

Wasiokuwepo miaka ile wanahitaji kuelezwa hali ilivyokuwa. Sukari ilikuwa ya kugawiwa, sabuni ikiletwa dukani mtaa mzima ulipashana habari, na tulikula ugali wa unga wa njano kutoka ng'ambo ambao watu waliubatiza jina la yanga. Kaka yangu, Simba damu, aliula akinung'unika. Mabasi ya UDA hayakutosha, watu wakining'inia milangoni. Zikaja chai maharage, magari madogo yenye mabenchi mawili ambamo abiria mlikaa mkitazamana, magoti kwa magoti. Zikafuata daladala, zikaruhusiwa rasmi mwaka 1983, nauli shilingi tano. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Katika hali hiyo ndiyo Baba, karani mwenye mshahara wa karani, aliandika orodha ya starehe. Fedha zake zilikaa ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati, zikitiwa humo kidogo kidogo tangu mwezi wa saba, na hata siku sukari ilipoonekana dukani ghafla, kopo halikuguswa.

La Bibi lilikuwa lile lile kila mwaka: kuvuka Kigamboni kwa pantoni na kurudi. Hakuwa na ndugu Kigamboni wala shughuli yoyote huko. Alitaka kuvuka. Tulishuka Feri asubuhi, yeye kavaa kanga mpya iliyotunzwa kwa ajili ya siku hiyo, tukaingia pantoni pamoja na baiskeli, matenga ya samaki na magari mawili matatu. Bibi alisimama ukingoni kabisa, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili umenishika mimi. "Mume wangu, usiniachie," ananiambia, nami mtoto wa miaka kumi najiona mwanamume kweli kweli. Pale mlangoni mwa bandari njia ya maji ni nyembamba, na meli kubwa ikiingia pantoni husubiri. Watu wenye haraka zao hukasirika. Bibi alimwomba Mungu meli iingie. Ikiingia alinyamaza mpaka ipite yote, kisha akageuka kuisindikiza kwa macho inavyoelekea gatini, na nyuma yake mapaa mekundu ya kanisa la Azania Front yanang'aa juani.

Ng'ambo tulikaa chini ya mkungu tukanywa madafu. Hapo ndipo Bibi alipotusimulia Rufiji yake: jinsi baba yake alivyokata boriti kwenye mikoko ya delta, jinsi majahazi yalivyokuja na kaskazi yamesheheni tende na samaki wakavu, yakaondoka na kusi yamebeba boriti za kuezekea nyumba za Ghuba, nchi zisizokuwa na miti. Alijua majina ya manahodha. Alijua boriti inapimwaje kwa shubiri, ipi ya ukutani na ipi ya paa. Nyumbani hakuwahi kuyasema hayo hata siku moja. Nyumbani alikuwa Bibi wa kuchambua mchele na kutuita tule. Ilibidi avuke maji ndipo atoke binti wa mkata boriti. Na sisi tungemwonea wapi huyo binti, kama siku hiyo tungebaki Magomeni kucheza chandimu?

La kaka lilikuwa Simba, Uwanja wa Taifa, ule ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru. Mama alisema mzee ataumizwa kwenye msongamano. Baba akasema sheria ni sheria. Tukawahi mapema, tukamkalisha Bibi mahali penye kivuli, kikapu cha karanga miguuni. Mshambuliaji wa Simba siku hizo alikuwa Zamoyoni Mogella. Bibi hakuujua mpira, ila jina la Zamoyoni alilijua vizuri, maana marehemu kaka yake aliitwa hivyo. Basi kijana yule akawa wake. Kila alipougusa mpira Bibi alinyanyuka. Tangu siku hiyo, Radio Tanzania ikitangaza mechi, Bibi aliweka ungo chini akaita kutoka uani: "Zamoyoni wangu kafunga?" Kaka, ambaye kabla ya hapo hakuwa na la kuzungumza na Bibi zaidi ya shikamoo, akawa mtangazaji wake. Alikaa naye kwenye mkeka jioni akimchorea uwanja kwa kidole kwenye mchanga, huyu hapa, yule pale, mpira umetoka huku. Jambo hilo liliendelea miaka na miaka, mpaka Bibi alipoitwa na Mola wake.

Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta Baba, ingawa sidhani kama aliwahi kukieleza. Alijua kuwa watu wanaokula sinia moja wanaweza kuishi pamoja maisha yote bila kujua mwenzao anapenda nini. Kuambiwa hakutoshi. Unapaswa kukalishwa pale pale juani, uchoke, uone uso wa mwenzako ukibadilika.

Dada alitaka Drive-in. Sinema hiyo ya wazi ilikuwepo Msasani tangu 1966, nayo ilikuwa ya wenye magari. Sisi hatukuwa nalo. Baba aliazima pikapu ya mwenzake wa kazini, tukatandika godoro nyuma, tukapakia chupa ya chai na vitumbua, tukaingia na machweo. Kipaza sauti ulikitoa kwenye nguzo ukakitundika kwenye kioo cha mlango. Filamu ilikuwa ya Kihindi, ndefu, na dada ndiye aliyekuwa akitueleza nani ndugu ya nani na nani kamdhulumu nani. Aliposhindwa kuendelea kwa kulia, Mama alilipokea simulizi akaendelea nalo. Hatukujua kama Mama anazijua filamu za Kihindi. Kumbe alipokuwa msichana alikuwa akienda sinema mjini na rafiki zake, akazijua nyimbo kwa sauti tupu bila maneno. Miezi kadhaa baadaye Baba alikuwa akijinyoa asubuhi huku anavumisha wimbo ule ule, na dada anacheka chumbani.

Pale Drive-in leo pana Ubalozi wa Marekani. Ule wa zamani ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 wakapoteza maisha, na huu mpya ukafunguliwa mwaka 2003 kwenye kiwanja kile tulipotandika godoro. Nikipita hapo na wanangu huwaambia: hapa shangazi yenu alilia machozi kwa ajili ya filamu. Wanauangalia ukuta.

Baba mwenyewe alitaka Kaole, karibu na Bagamoyo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Bagamoyo ni kilomita 70 hivi kutoka Dar, lakini kwa barabara ya wakati ule ilikuwa safari ya kujipanga. Jumamosi watu walifanya kazi mpaka mchana, kwa hiyo ilibidi iwe Jumapili, na Jumapili ilikuwa na saa nane yake. Tuliondoka alfajiri kwa Peugeot ya mjomba, tumebanana watu wa nyumba nzima. Kaole kuna msikiti wa karne ya 13 uliobaki kuta, na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Baba alitusimamisha mbele ya nguzo mmoja mmoja, tuguse kwa kidole yale matundu ya duara yaliyokuwa na bakuli. "Mtu aliletewa bakuli hii kutoka China, akaipenda mpaka kaburini," alisema. Kisha akatupeleka kisimani. Bahari ipo karibu kabisa na bado maji ya kile kisima si ya chumvi. Akatunawisha nyuso, Bibi wa kwanza.

Wakati wa kurudi tulipata pancha kwenye mchanga. Mjomba na Baba walihangaika na tairi, Mama akitazama saa, na tulipofika Mwenge ilikuwa imeshapita saa nane. Gari liliachwa uani kwa mzee mmoja ambaye hatukumjua, aliyetukaribisha maji na kutuambia tusiwe na wasiwasi. Tukamalizia kwa basi la UDA, wengine tumesimama, mdogo wetu amelala begani kwa kondakta. Tulicheka njia nzima. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama nje dirishani na uso wake umetulia, na ndipo niliposadiki kuwa kwa muda wote ule tuliomjua kama karani, ndani yake alikuwa mwalimu wa historia aliyekosa darasa.

Mengine yalikuwa mepesi. Mdogo wetu alitaka aiskrimu, tukaenda mjini watu wote kula aiskrimu, Bibi akiishika kwa kanga kwa sababu ya ubaridi. Mimi nilitaka kuona fuvu la Zinjanthropus kwenye Makumbusho ya Taifa, lile lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, nikaliona, nikasimama nalo hadi mlinzi akaja kutuambia wanafunga. Mama kwa miaka mingi aliacha nafasi yake tupu. Baba alipombana, aliandika: siku moja bila jiko. Siku hiyo tulipika sisi, pilau ya mkaa, mchele umetafutwa kwa wiki mbili, na Mama alikatazwa kukaribia uani. Alikaa barazani na Bibi, amenyoosha miguu, akitoa maagizo kwa sauti kuhusu moshi ambao alisikia harufu yake. Pilau iliungua chini. Aliila yote, akaomba ukoko.

Bibi na Mama hawapo tena. Baba amevuka miaka 80 na anaishi kwangu, Tabata. Kalenda ya ukutani sikumbuki mara ya mwisho kuinunua. Mahali pa jani la Novemba sasa kuna kundi la WhatsApp la ukoo mzima, kaka akiwa Muscat kikazi, dada Mwanza, mdogo wetu Mbezi, na watoto wetu ambao wengi sasa wananizidi kimo. Kila Desemba orodha huandikwa humo, tena ndefu kuliko zetu za zamani. Kijana wangu anataka michezo ya maji Kunduchi. Watoto wa dada wanataka kisiwa cha Mbudya. Mwingine anataka Zanzibar, ambako kwa boti za leo ni saa mbili tu. Yote yanawezekana. Tena yanafanyika. Anayetaka Kunduchi anakwenda Kunduchi na rafiki zake, anayetaka Mbudya anakwenda Mbudya na mpango wake, na ukimwambia mwingine aandamane nao jibu linakuja haraka: nendeni tu, mtatuma picha.

Na picha zinatumwa, nzuri, nyingi. Nazitazama zote. Lakini katika picha ya Kigamboni, Bibi angekuwa mwanamke mzee aliyeshika chuma cha pantoni. Boriti zisingeonekana.

Sipendi kuwalaumu watoto, maana nawaona walivyobanwa. Likizo yenyewe imemegwa na tuisheni. Wazazi tunapewa siku za mapumziko kwa zamu, huyu wiki ya kwanza, yule baada ya Krismasi. Safari ya watu wanane kwa bei za leo ni fedha za kukopa. Tena kuna jambo lingine ambalo ni zuri, lakini lina gharama yake: tumewalea wajue wanachotaka na wakiseme bila woga, jambo ambalo sisi hatukufundishwa. Tulichofundishwa sisi ni kungoja zamu. Natamani wangekuwa na yote mawili.

Desemba iliyopita Baba aliandika lake kwenye kundi, kwa herufi kubwa kwa sababu hajui kuzipunguza: KUPANDA TRENI YA UMEME MPAKA DODOMA, WOTE. Reli hiyo mpya ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Baba alisoma Tabora enzi za ujana wake, na njia ile ya kati, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, aliijua stesheni kwa stesheni. Majibu yalikuja. Mungu akujalie safari njema Babu. Babu tutumie video. Nendeni tu. Tulikwenda watu wanne: Baba, mimi, mdogo wetu na binti yangu wa miaka 15.

Baba alivaa koti. Mfuko wa koti ulikuwa mzito, nami nikadhani ni dawa zake. Treni ilipoingia Morogoro, akatoa noti ndogo ndogo na sarafu alizokuwa amezikusanya, akazipanga kwenye kiganja na kugeukia dirisha. Dirisha la treni ya umeme halifunguki. Nje hapakuwa na mtu mwenye beseni kichwani, hapakuwa na ndizi wala miwa wala mayai ya kuchemsha, hapakuwa na sauti ya kuita mteja. Palikuwa na stesheni kubwa, safi, na watu waliojipanga na mabegi yao. Baba alizishika fedha zile mpaka treni ikaondoka, kisha akazirudisha mfukoni moja moja. "Wale mama wako wapi sasa?" aliuliza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Binti yangu ndiye aliyemuuliza walikuwa wanauza nini. Baba akaanza. Kilosa walipandisha miwa. Stesheni moja ilikuwa ya kuku wa kukaanga na nyingine ya asali kwenye chupa za soda, na ole wako ununue asali bila kuionja. Treni ilitoka Dar jioni na Dodoma ukaiona asubuhi ya pili, Tabora usiku mwingine. Wanafunzi walilala chini kwenye mabehewa ya daraja la tatu, sanduku ndiyo mto, na kijana mmoja aliachwa na treni akinunua miwa akaja kuwapata Tabora siku tatu baadaye, bado ana miwa. Tuliingia kwenye mahandaki baada ya Kilosa, taa zikawaka, na yeye bado anasimulia. Dodoma tulifika ndani ya saa nne hivi. Binti yangu akalalamika kwamba safari imekuwa fupi mno, babu yake hajafika hata Tabora.

Ndiyo maana orodha ya mwaka huu imeniweka kwenye shughuli. Mbele ya jina la binti yangu pameandikwa: treni ya zamani, mpaka Tabora, tulale humo, na Babu atuonyeshe shule. Baba amesema mgongo wake haumruhusu, na jioni ile ile nikamkuta akijaribu kulala kwenye kochi jembamba la sebuleni. Kijana wangu amesema yeye hawezi kukaa kwenye treni siku nzima bila chaji. Kaka ameandika kutoka Muscat kwamba anarudi Desemba, na kwamba lake ni Simba kwenye Uwanja wa Mkapa, hana lingine. Nimewaandikia wote sheria ya Baba kwa namna yangu: asiyekwenda Tabora asitutazamie uwanjani, wala Kunduchi, wala Mbudya. Kimya kilikuwa kirefu. Dada ndiye aliyekikata kutoka Mwanza, akasema yeye atapandia njiani, tumwekee nafasi. Kijana wangu ameuliza bei ya betri ya akiba. Kaka ameuliza chumba cha kulala cha daraja la pili kina vitanda vingapi. Sita, nimemjibu, na waliojiandikisha mpaka sasa ni watano, pamoja na mwenye mgongo.